Dishi moja, nyumba tatu: navuta intaneti ya setilaiti kiambo kizima, njooni mnisahihishe

#1 MwanaKiambo · Jumapili, saa 3:10 usiku

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Kule kwenye uzi wa betri za sola niliahidi kwamba nikimaliza kuvuta intaneti nyumbani nitakuja kueleza. Sijamaliza, ila nimefika mahali ambapo mafundi wa humu mnaweza kuniokoa kabla sijafukia mtaro.

Kiambo chetu kiko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Nyumba ni tatu. Ya mama ni ya kizamani, mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa ndani nimeupima mlangoni: sentimita 45. Ya kaka ni ya matofali na mabati, mita 62 kutoka kwa mama. Halafu kuna duka karibu na barabara, mita 140 hivi. Dishi ni la Starlink, lile la kawaida la kizazi cha tatu, na liko juu ya paa la mama kwa sababu ndiko kuliko na mbingu. Kwingine kote ni minazi.

Dishi lenyewe sina ugomvi nalo. Nikikaa sebuleni kwa mama, karibu na rauta, napata Mbps (megabiti kwa sekunde) 160 kushusha na 14 au 15 kupandisha. Taabu inaanza nikisimama. Nilitembea na simu mkononi, programu ya kupima mawimbi ikiwa wazi. Sebuleni hasi 48 (kadiri namba baada ya hasi inavyokua, mawimbi yanazidi kuwa dhaifu). Mlangoni mwa chumba cha mama hasi 71. Nikaingia, nikafunga mlango: hasi 86, na ujumbe wa sauti ukabaki unazunguka. Hatua nne tu hizo. Anayelipiwa intaneti ndiye asiyeipata, maana nia yenyewe ilikuwa mama azungumze na dada yake aliye Muscat kila baada ya Isha, bila "hee? hee? sikusikii".

Nikaambiwa kanunue ripita. Nikanunua mbili. Moja nikaichomeka ukumbini, ya pili kwa kaka dirishani. Kwa mama tukafika Mbps 20, si haba, lakini kwa kaka 4, na jioni hata hizo hazipo. Nilikuja kuelewa baadaye: ripita ya bei nafuu inasikia na kusema kwa redio moja. Kila neno inalisikia kwanza ndipo ilirudie, kwa hiyo nusu ya muda wake imekwenda. Ukiweka ripita inayorudia ya ripita mwenzake, umebaki na robo. Na kama imesimama mahali ambapo mawimbi tayari ni mabovu, inarudia ubovu.

Mpango wangu wa sasa ni huu. Waya kutoka rauta hadi chumba cha mama, tundu moja ukutani. Waya mwingine hadi kwa kaka kupitia mtaro. Dukani sijui, maana nasikia waya wa mtandao mwisho wake mita 100. Waya nimeshanunua, boksi la mita 305. Semeni.

#2 RedioKubwa · saa 3:24 usiku

Unajisumbua bure mkuu. Tafuta rauta yenye antena nane, inapiga kijiji kizima.

#3 FundiKisauni · saa 3:51 usiku

@RedioKubwa antena nane zitamsaidia rauta kupiga kelele. Simu ya mama yake bado ina antena ndogo isiyo na nguvu, na lazima nayo ijibu kupitia ukuta ule ule. Mazungumzo ni ya watu wawili. Tena waifai ya 5GHz, ile ya kasi, kwenye jiwe la tumbawe lenye unyevu, sahau. 2.4GHz ndiyo inajikokota kidogo.

@MwanaKiambo umepanga vizuri, lakini nina maswali kabla hujafukia chochote. Hilo boksi la waya ulilinunua bei gani, na ni zito au jepesi? Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Nyaya hizo zimejaa madukani na kwenye boksi zimeandikwa Cat6, daraja la waya mzuri wa mtandao, kama kawaida. Ndani ya nyumba, mita 10, zinafanya kazi. Mita 62 ardhini, na unyevu wa pwani, na umeme ukipita humo humo kulisha kifaa cha upande wa pili? Utaufukua mwaka kesho.

Swali la pili: kwa mama na kwa kaka, mita ya stima ni moja au mbili?

#4 BintiGede · saa 4:02 usiku

Nimekuja kusoma tu, ila hilo la mlango kufungwa limenichekesha. Kwetu pia ni hivyo, tunaambiana "fungua mlango nitume picha".

#5 MwanaKiambo · saa 4:30 usiku

Nimetoka barazani sasa hivi na kisu cha jikoni. Nimemenya, nimekwangua, nimewasha tochi ya simu.

Mweupe.

Nikakunja uzi mara tatu, ukakatika kama kijiti cha ufagio. Muuzaji aliniapia. Boksi zima jamani.

Mita za stima ni mbili, kaka ana yake.

#6 FundiKisauni · saa 4:41 usiku

Pole. Usiutupe, utumie humo humo ndani kwa mama, mita chache hazina neno.

Kwa kaka, kama mita ni mbili basi na ardhi ni mbili, yaani kila nyumba ina waya wake wa kuingia ardhini na haziko sawa. Ukiunganisha nyumba mbili kwa shaba, umeweka njia. Siku radi inapiga mnazi wa jirani, umeme unatafuta njia, na wewe ndiye uliyeitengeneza. Nakushauri weka faiba. Usishtuke, si ile ya kampuni. Kipande cha faiba cha mita 80 kilichofungwa vichwa tayari, na vigeuzi viwili vidogo vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kimoja kila mwisho. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na mita 140 za duka kwake si kitu. Ila usiikunje kama kamba ya mbuzi.

#7 Nahodha_Mstaafu · Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Vijana mnanikumbusha mbali. Mimi nilikuwa naendesha saiba Malindi kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa, yaani kabla ya 2009. Tulikuwa na dishi kubwa la setilaiti uani, na kompyuta 12 zikigawana biti elfu 128 kwa sekunde. Elfu, si milioni. Setilaiti ile ilikuwa juu ya ikweta, kilomita 35,786. Ombi linapanda, linashuka kwenye kituo cha mbali, jibu linapanda, linashuka kwako. Safari nne. Hata mwanga unatumia karibu nusu sekunde, na kwa kweli tulikuwa tunaona zaidi ya hapo. Mtu akizungumza na Ulaya kwa sauti, wanaingiliana maneno hadi wanagombana.

Hizi zenu ziko kama kilomita 550 tu. Ndiyo maana mnaweza hata kucheza michezo.

Kilichotuokoa wakati ule ni vitu viwili. Kwanza proksi: ukurasa ukifunguliwa mara moja unahifadhiwa, mteja wa pili anaupata hapo hapo ndani. Siku hizi hilo halifanyi kazi, kurasa karibu zote zimefungwa kwa siri kati ya simu na mwenye tovuti, proksi haioni ndani. Cha pili ni foleni. Hicho hakijazeeka. Mtu mmoja akituma faili kubwa, usimwache azibe mlango. Nitarudi kwa hilo kama kuna anayetaka.

#8 PembaKaskazini · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Ndugu zangu, mimi sina dishi, natumia rauta ya laini ya simu hapa Wete. Lakini shida ni hiyo hiyo ya kuta. Je, haya ya waya yananihusu?

#9 FundiKisauni · Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Yanakuhusu yote. Intaneti ikishaingia ndani haijui ilitoka angani au mnarani.

#10 MwanaKiambo · Jumatano, saa 5 usiku

Ripoti. Faiba nimeagiza Mombasa, inakuja na matatu kesho kutwa. Wakati nasubiri nikasema nianze na chumba cha mama. Nikachukua rauta ya zamani ya kaka, ile nyeupe iliyokuwa juu ya kabati, nikatoboa tundu (saa nzima, na kipande cha tumbawe kikatoka na konokono wa bahari ndani yake, wallahi, watoto wamemweka kwenye glasi), nikapitisha waya, nikachomeka kwenye tundu la buluu. Chumbani hasi 44! Mbps 90! Mama akapiga simu Muscat, picha na sauti, dakika 40. Nikalala kama sultani.

Jana jioni nikasikia eti rauta ile ukichomeka kwenye tundu la buluu inakuwa rauta ndani ya rauta, ndiyo maana laptopu iliyo chumbani kwa mama haiioni printa ya sebuleni. Sawa. Nikachomoa, nikachomeka kwenye tundu la manjano. Printa ikaonekana. Nikafurahi.

Saa 2 usiku intaneti ikafa. Si yote, hapo ndipo palipo na kizungumkuti. Simu yangu inafanya kazi. Ya kaka haifanyi. Ya mpwa inafanya, akizima na kuwasha haifanyi. Runinga haifanyi. Nikapanda paani na tochi, nikatazama dishi, nikalipangusa na kanga. Nikazima kila kitu, nikawasha. Ikarudi, baada ya dakika kumi nusu ya nyumba ikafa tena. Kaka akasema ni mawingu. Mama akasema ni husuda.

#11 FundiKisauni · Jumatano, saa 5:12 usiku

Mama yuko karibu zaidi na ukweli kuliko kaka. Una wagawaji wawili.

Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao kinauliza: "nani anipe anwani?" Anayejibu ni DHCP ya rauta. Ulipotumia tundu la buluu, rauta ya zamani ilikuwa na watu wake upande wake, haikugombana na mkubwa. Ulipohamia manjano umeziweka zote mbili chumba kimoja, na zote zinajibu. Anayewahi ndiye anayesikilizwa. Simu ikijibiwa na rauta ya dishi inapata 192.168.1 na kitu, na mlango wa kutokea ni 192.168.1.1, sawa. Ikijibiwa na ile ya kabatini itapata labda 192.168.0 na kitu, na kuambiwa mlango wa kutokea ni 192.168.0.1. Mlango huo hauendi popote.

Fanya hivi sasa hivi. Chomoa waya kati yao. Unganisha laptopu kwenye rauta ya zamani peke yake. Ingia kwenye mipangilio, zima DHCP. Kisha ibadilishe anwani yake yenyewe iwe 192.168.1.2, ili uweze kuifikia baadaye. Kama ina kitufe kilichoandikwa AP, hicho kinafanya yote mawili. Jina la waifai na nenosiri viwe sawa sawa na vya sebuleni, lakini chaneli tofauti: kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, moja huku nyingine kule. Halafu rudisha waya kwenye manjano.

Ubongo mmoja, midomo mingi.

#12 MwanaKiambo · Jumatano, saa 5:58 usiku

Imekubali. Anwani ilikuwa 192.168.0.1 kama ulivyosema, kana kwamba ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nilikuwa napangusa setilaiti na kanga wakati mwizi yuko kabatini.

#13 BintiGede · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Konokono tunataka picha.

#14 RedioKubwa · Alhamisi, saa 3 asubuhi

Sasa kama unafika hadi barabarani, si uuze? Vocha za siku, shilingi 20 kila mtu. Hapo Mambrui dishi linajilipa lenyewe. Jirani yangu anafanya na hajaulizwa na mtu.

#15 FundiKisauni · Alhamisi, saa 3:30 asubuhi

Masharti ya kifurushi cha nyumbani hayaruhusu kuuza tena. Ukikubali masharti umekubali, hata kama hukusoma. Na sheria ya Kenya, ukiuza huduma ya intaneti kwa umma unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Watu hawaulizwi hadi siku wanapoulizwa.

#16 RedioKubwa · Alhamisi, saa 3:34 asubuhi

Basi kila ndugu akija kuchaji simu dukani na akaunganishwa ni kosa?

#17 Nahodha_Mstaafu · Alhamisi, saa 4 asubuhi

Hapana bwana. Kumkaribisha mgeni chai si kufungua hoteli. Ila @MwanaKiambo, wageni watenge. Duka liwe na jina lake la waifai na nenosiri lake, upande wa wageni, wasiione printa wala kamera zenu. Nenosiri la kiambo usilibandike ukutani kwa rauta kama tulivyofanya saiba. Tuliibiwa hadi wino.

#18 MwanaKiambo · Jumapili, saa 10 jioni

Faiba imefika, mtaro umefukiwa. Kina cha goti, bomba la plastiki, na utepe wa njano juu yake ili atakayelima muhogo aone kabla ya jembe. Kwa kaka Mbps 140. Dukani pia faiba, nilikuwa nimefikiria redio mbili za kutazamana lakini katikati kuna minazi miwili, na Kusi ikivuma makuti yanalala njiani. Majani ni maji, na maji yanakula mawimbi. Hapo niliwahi kujuta hata kwa dishi lenyewe: mwanzo nilikuwa nimeliweka upande wa kisima, likawa linakatika sekunde chache kila mara. Programu yake ukiielekeza kamera juu inakuchorea mbingu, na mahali palipozibwa panakuwa pekundu. Kuti moja tu lilikuwa linaingia na kutoka. Setilaiti zinapita zikipokezana, dishi linapangiwa upya kila sekunde 15, kwa hiyo kuti halikuzibi daima, linakuzibia ile iliyo zamu.

Sasa limezuka jingine. Kaka ni mpiga video wa harusi. Tangu apate Mbps zake anapakia video za wateja, faili moja GB 40. Alianza Ijumaa saa 12 jioni. Saa 2 mama anapiga Muscat: sauti inakatika, picha imeganda, dada yake mdomo wazi. Nikapima spidi: kushusha 120. Sasa tatizo liko wapi kama 120 zipo?

#19 Nahodha_Mstaafu · Jumapili, saa 11 jioni

Nilijua tutafika hapa.

Unatazama barabara ya kuja mjini, msongamano uko barabara ya kutoka. Simu ya video inahitaji Mbps moja au mbili tu kupanda, lakini zipande kwa wakati wake. Kaka yako anapandisha kwa nguvu zote, anajaza zile 14. Rauta haitaki kutupa kitu, inaweka kwenye foleni. Foleni ikiwa ndefu, neno la mama linasimama nyuma ya harusi nzima, nyama na biriani yake. Likifika Muscat limeshachacha.

Piga hesabu: GB 40 ni megabiti 320,000. Kwa Mbps 12 ni saa 7 na dakika 24. Yaani akianza saa 12 jioni, hadi usiku wa manane mama hana simu.

Upimaji: fungua programu ya kupima muda wa kwenda na kurudi, acha iende, kisha mwambie kaka aanze kupakia. Tuambie namba.

#20 MwanaKiambo · Jumapili, saa 1:20 usiku

Kaka akiwa kimya: milisekunde 34, 38, 31, 45. Akianza: 210, 390, 460, 520. Nimeshangaa. Karibu sawa na setilaiti yako ya saiba!

(Kwa faida ya wengine: zile 34 ni za siku hizi. Nilipofunga dishi mara ya kwanza, baada ya Starlink kuanza Kenya Julai 2023, hazikuwa zinashuka chini ya mia. Ziliporomoka mwanzoni mwa 2025 walipowasha kituo Nairobi, zamani safari ilikuwa inazungukia mbali.)

#21 Nahodha_Mstaafu · Jumapili, saa 1:45 usiku

Umeona. Kaka yako amelirudisha dishi lako 2008.

Dawa ni foleni yenye akili. Rauta iliyokuja na dishi mipangilio yake ni michache, hutapata hapo. Tafuta rauta yako yenyewe inayojua kupanga foleni, ya MikroTik au yoyote inayokubali OpenWrt (programu huru ya kuendesha rauta), iweke kati ya ile ya dishi na swichi yako, kile kisanduku cha kugawa waya. Ile ya dishi uiweke kwenye hali ya kupitisha tu. Ujue: ukiiweka hivyo waifai yake inazimika, na kuirudisha ni mpaka uirudishe ilivyotoka kiwandani. Usifanye saa ya simu ya mama.

Sasa mwekee kaka kikomo: Mbps 5 kupanda mchana na jioni, kuanzia saa 5 usiku hadi alfajiri aachiwe zote. Kwa Mbps 5 faili lile litachukua karibu saa 18, atalalamika, mwambie aanze usiku. Wengine wanaweka kikomo cha mtandao mzima kidogo chini ya spidi halisi ili foleni isijengeke kabisa. Kwenye faiba ni rahisi, ila spidi ya setilaiti inapanda na kushuka, leo 15 kesho 9, kwa hiyo ukifanya hivyo weka kikomo cha chini kweli, au tumia programu ya kikomo inayojirekebisha yenyewe. Mimi ningeanza na kaka.

#22 PembaKaskazini · Jumapili, saa 2 usiku

Hili la foleni limenifungua macho. Mwanangu ana simu inayopakia picha zake zote kila akifika nyumbani, nami nailaumu kampuni ya simu mwaka wa pili huu.

#23 Mzee_wa_Kamera · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Nimefungua tundu (port) kwenye mipangilio ya rauta ili nione kamera za shambani kwangu nikiwa Nairobi, haifunguki. Nina dishi hilo hilo.

#24 FundiKisauni · Jumatatu, saa 4:20 asubuhi

Haitafunguka. Anwani unayopewa kwenye kifurushi cha nyumbani si ya kwako peke yako, unagawana na wateja wengine. Ukiona inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, ndiyo hiyo. Kutoka nje hakuna mlango wako. Weka Tailscale au WireGuard, programu za kuunganisha vifaa kwa njia ya siri, kwenye kifaa kinachobaki shambani, kiwe chenyewe kinatoka kukutafuta. Anzisha uzi wako tafadhali, huu una harusi ndani yake.

#25 BintiGede · Jumatatu, saa 8 mchana

Swali la mtu asiyejua: stima ikikatika yote haya yanakwenda?

#26 MwanaKiambo · Jumatatu, saa 9 alasiri

Hapo ndipo uzi wa sola ulipoanzia dada yangu. Dishi langu linakula wati 75 hadi 100. Betri ya kawaida ya 12V, Ah 100, ni kama wati-saa 1,200, na ya maji haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo 600 gawanya kwa 85, ni saa 7, inveta nayo ikila chake unabaki na 6. Vigeuzi vya faiba na rauta ndogo ni wati chache kila kimoja, lakini kumbuka navyo viko nyumba tatu tofauti! Stima ikizima kwa kaka pekee, kwangu inawaka, kwake hakuna. Nimemwekea kibetri. Ningekuwa naanza leo ningetazama lile dishi dogo la Mini: wati 25 hadi 40, na linakubali 12V moja kwa moja bila inveta.

#27 MwanaKiambo · Jumamosi, saa 4 usiku

Ripoti ya mwisho inshallah. Rauta ya foleni imewekwa. Jana kaka alikuwa anapakia tangu alasiri, kikomo 5. Nikapima: 41, 38, 52, 47. Mama akapiga Muscat, saa nzima. Wamezungumza harusi ile ile inayopakiwa, tena dada yake anataka kuiona, kwa hiyo itapanda kutoka hapa ishuke kule. Bomba limefungwa, vichwa vyote vya nje nimevitia mafuta ya kuzuia kutu, maana vya kwanza vilishaanza kuwa kijani kwa chumvi.

Limebaki moja. Kila asubuhi chumba cha mama hakina mtandao. Nimebadilisha waya, nimebadilisha chaneli, nimekagua DHCP. Leo nikaamka kwa swala ya alfajiri nikamkuta: anaichomoa rauta kila akilala. Taa yake ya kijani inamkera, anasema kama kuna mtu anamtazama. Kuna anayejua kuizima taa bila kuzima rauta?

#28 FundiKisauni · Jumamosi, saa 4:09 usiku

Aina nyingi ziko kwenye mipangilio, tafuta taa. Kama haina, tepu nyeusi.

#29 BintiGede · Jumamosi, saa 4:15 usiku

Na picha ya konokono.